Biskuti za Siku ya Kupewa Jiko

Kwapa, Tororo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada Lorine,

Salamu. Nakusalimia kwa sababu mama alitulea kusalimia kila mtu, hata yule ambaye tukimwona njiani tungependa kuvuka barabara. Natumaini wewe ni mzima, shemeji Benard ni mzima, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Mimi huku ni mzima pia, bado niko kwa mume wangu. Najua hiyo siyo habari uliyokuwa ukiingoja.

Usijisumbue kunipigia. Namba yako nimeiziba, na ya shemeji nimeiziba pia kwa sababu nakujua. Barua hii nimempa Kevo wa bodaboda, nikamwambia akukabidhi mkononi na asingoje jibu. Kaa chini uisome yote. Ukiisoma umesimama utakumbuka kazi fulani sokoni kabla hujafika katikati.

Nianze na biskuti, maana ndizo ulizochagua kunimalizia. Ulijua vizuri sana siku ile ilikuwa siku gani. Tangu Okurut anioe nilikuwa napika katika jiko la mama yake, na kwa watu hawa mke bado ni mgeni mpaka apewe jiko lake mwenyewe. Siku ya kupewa, wazee wa ukoo wanakuja, wanakula kitu kilichotoka mkononi mwake, na wakishakula, basi, wewe ni wa hapa. Wakikataa, unafunga nguo zako unarudi kwenu. Haya yote nilikueleza kwa simu, tena nacheka, kwa sababu nilikuwa na furaha na wewe ni dada yangu. Nikakuambia pia kwamba ukoo wao hauli kondoo, si nyama, si supu, si mafuta, hata ngozi yake haiingii ndani ya nyumba. Ukaniuliza tena, hata mafuta? Nikadhani unataka kuwaelewa wakwe zangu. Mjinga mimi!

Wewe ndiwe uliyesema nioke zile biskuti za chumvi, tulizokuwa tunaoka kwa mama ndani ya sufuria iliyotiwa mchanga chini. Ukasema mafuta ya duka hayafai, yanalainika upesi na matabaka yote yanashikana, ungenitumia mafuta ya ng'ombe uliyoyachemsha mwenyewe. Kopo likafika na Kevo, mafuta meupe, magumu, mazuri. Halafu ukapiga simu kunihimiza nitie binzari nyembamba kwa wingi, eti wazee wanapenda harufu. Kwa wingi! Sasa ndio najua ile binzari ilikuwa ya kufunika nini. Lorine, hata harufu uliipangia.

Nilikata yale mafuta vipande vidogo ndani ya unga, nikayafikicha kwa ncha za vidole, haraka haraka yasipate joto. Nikatia maziwa lala ya baridi, nikasukuma, nikakunja kama mtu anayekunja shuka, nikasukuma tena, nikakunja tena, nikaupumzisha unga chini ya kitambaa kibichi. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Na haki ya Mungu, sijawahi kuoka biskuti kama zile. Ziliinuka, zikachanika karatasi karatasi, ukigusa tu zinabomoka. Sikuonja hata moja, kwa sababu mwenye kupewa jiko haonji kabla ya wazee. Hilo nalo nilikuambia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wazee wakaketi, nikawapitishia sinia nikiwa nimepiga magoti. Wawili walikuwa wameshauma na wanasifu. Mama mkwe alikuwa amemaliza ya kwake anafuta makombo kwenye gauni. Ikwap, mdogo wake baba mkwe na ndiye msemaji wa ukoo, alikuwa ameishika tu biskuti yake anamalizia hadithi fulani ya ng'ombe, simu yake ikalia. Ilikuwa wewe. Namba yake uliichukua siku ya mahari, ukasema ni ya kukujulisha kukiwa na msiba. Basi msiba ukauleta mwenyewe.

Alisikiliza, akakuomba urudie, kisha akaweka biskuti chini na kuwatangazia watu. Akasema dada ya huyu mke anasema hizi zimeokwa na mafuta ya kondoo. Akasema dada anasema mdogo wake ana dharau, alikuwa anaucheka mwiko wao kwenye simu, na yeye kama mkubwa ameona aibu, hawezi kunyamaza. Ati aibu! Wewe! Mzee mmoja alitoka kwenda kutapika nyuma ya nyumba. Okurut akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli, na macho aliyonitazama nayo sitayasahau. Nikasema sijui, kopo limetoka kwa dada yangu. Na nikajisikia ninavyozama, kwa sababu aliyekuwa kwenye simu ni huyohuyo dada. Ikwap akasema nikafunge nguo, Okurut anirudishe Busia kabla jua halijatua.

Nikwambie nilivyohisi? Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya wanaume wa watu, na aliyenivua ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote. Hata kulia nilishindwa.

Hapo mama mkwe akasimama. Akasema kwa Kiateso, kisha akarudia kwa Kiswahili chake cha sokoni ili na mimi nisikie. Alisema kopo ni ya yeye, alinunua Malaba kwa mama fulani hajui, hakuuliza ni mafuta gani, akanipa akaniambia nitumie. Kwamba dada yangu ana ugomvi na mimi na hajui kitu iko ndani ya jikoni ya watu. Kwamba kama kuna mtu wa kuadhibu, ni yeye. Nilifungua mdomo kusema hapana, akanikazia jicho, nikaufunga. Lorine, huyo ni kiongozi wa akina mama kanisani, na alisimama akadanganya ukoo mzima kwa uso mkavu.

Walimwamini, au waliamua tu kumwamini, kwa kuwa mwanamke aliyezeekea katika boma hafukuzwi. Lakini adhabu yake anaila. Mpaka watakapomtakasa baada ya mavuno hagusi chungu wala hali na mtu. Anakaa kando ya ghala na sahani yake, wajukuu wanakatazwa kumsogelea, na wale akina mama wa kanisa wakipita wanasalimia huku wanaenda. Mimi nilipewa jiko langu. Kila nikipika nampelekea yeye kwanza, namwekea chini, narudi nyuma, kwa sababu hawaniruhusu hata kumpa mkononi. Hivyo ndivyo mkono wako ulivyofika huku.

Juzi mama amenipigia analia. Amesema umemwambia mwenyewe kwa nini ulifanya hivyo. Ati mimi Wilkister nikirudishwa kutakuwa na mtu wa kumwogesha mama na kumpeleka kliniki, na wewe utarudi kwenye duka lako upumzike. Sasa kama umechoka kumuuguza mama, si ungesema? Kwapa ni Ulaya? Ningekuja. Nikuite nani wewe, unayevunja nyumba ya mdogo wako ili upate yaya wa bure? Mama amesema afadhali atambae mwenyewe mpaka chooni kuliko kuogeshwa kwa njia hiyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata Okurut amelijua jana tu. Nina mimba. Siku ile nilikuwa nayo, na sikuwa nimemwambia mtu kwa sababu nilitaka nipewe jiko kwanza. Mama mkwe aliiona kwa namna nilivyokuwa nainama kwenye sufuria. Nilipomuuliza kwa nini alijitwika lile neno, alinijibu kwamba mke akirudishwa kwa mwiko, mtoto aliye tumboni hahesabiwi wa ukoo, anazaliwa hana kwao. Akasema yeye ni mzee, kula peke yake hakutamuua.

Na hili ndilo linalonirudia kila nikiamka. Nilipokuwa nafikicha yale mafuta yako nilikuwa nimeshachagua jina. Akiwa msichana angeitwa Lorine. Nilikuwa hata nimeanza kulisema polepole kwa sauti, peke yangu pale jikoni, kama nyumba haina mtu. Sasa ataitwa Among. Hilo ni jina la mama mkwe wangu. Kwa heshima, mke wa mtoto halitamki, na mimi tangu niolewe halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Likishakuwa la mtoto, nitaliita kutwa, kwa sauti, uani, na yeye akisikia.

Wasalimie shemeji na watoto, wao hawajanikosea. Mama mwambie Jumamosi nakuja na Okurut kumchukua. Hawezi kulala kwa mkwewe, kwa hivyo tumempatia chumba Malaba karibu na kliniki, na kumwogesha nitamwogesha mimi. Mfungie nguo zake zote, na lile blanketi lake zito. Mkalishe mlangoni akiwa tayari, kisha wewe utafute pa kwenda mpaka tuondoke.

Ni mimi, mtoto wa mama yako,
Wilkister