Chupa ya Mapera Getini kwa Dada Yako

Donatha mke wangu,

Nimeipeleka. Naanza na hilo ili usikae unasubiri, maana najua ulivyokuwa hupendi habari za kuzungushwa. Nimeipeleka mpaka kwenye geti la dada yako Nyarutarama, kama ulivyoniagiza ukiwa kitandani, na nimerudi na hasira ambayo sina wa kumpa isipokuwa wewe. Vumilia. Shule niliiacha darasa la tano na mkono wangu unajua koleo kuliko kalamu, lakini leo nitaandika mpaka yaishe.

Habari za hapa Kabeza kwanza. Chumba ni kilekile. Kitenge chako cha njano kiko nyuma ya mlango, sijakigusa. Mama Kevine wa jirani aliniletea maharage siku za mwanzo, halafu akachoka, na simlaumu. Kazini bado mimi ni muyede, nambebea fundi zege na matofali, ghorofa la watu likiisha tunahamia lingine. Mgongo umeanza kukataa. Zamani ulikuwa unanikanda kwa maji ya moto huku unanisimanga, "Mnyamwezi mzima unalia mizigo? Si ndiyo jadi yenu?" Siku hizi narudi, nalala na saruji yangu miguuni.

Desemba ilipoingia nikamtoa Mvivu chini ya kitanda. Nilimfuta vumbi nikakumbuka siku ulipokuja naye, ile sufuria ya umeme aliyokuachia mama wa kigeni uliyekuwa unamfulia, alipokuwa anarudi kwao. Tuliiwasha tukasubiri ichemke. Tukasubiri. Ukasema, "Hii ni mvivu kuliko wewe siku ya Jumapili," na jina likabaki hapo. Tangu mwaka ule ukawa unapika humo jeli ya mapera kila Krismasi, unaitia kwenye chupa, unafunga utepe, unagawa. Mwenye nyumba, Mama Kevine, mwalimu wa kwaya. Na dada yako.

Nilifanya kama ulivyokuwa unafanya. Mapera nikayakata na maganda yake, nikayafunika kwa maji, nikamwachia Mvivu nikaenda zangu kazini. Niliporudi nikafungua mlango, chumba kizima kinanuka wewe. Nikakaa juu ya ndoo. Sijui nilikaa muda gani.

Kisha nikamimina kwenye kitambaa, nikakining'iniza dirishani juu ya beseni. Nilikuwa nimechoka, nilitaka nikikamue yaishe. Nikakumbuka ulivyokuwa unanipiga mkono. "Usikamue, Shija. Ukikamua inaingia ukungu. Iache idondoke yenyewe." Nikaiacha. Jumapili nikairudisha kwenye sufuria na sukari na maji ya ndimu, nikaegemeza kifuniko juu ya mwiko ili mvuke utoke, nikakaa naye mpaka jioni kama mtu anayemlinda mgonjwa. Ilitoka nyekundu, unaweza kuona kidole chako upande wa pili wa chupa. Ungekuwepo ungetafuta kasoro, na usingeipata.

Kazini walinicheka. Fundi Kalisa alisema, "Tanzania, leo unanuka harusi." Mwingine akadakia, "Huyo kaacha zege, siku hizi ni mama wa nyumbani." Nikacheka nao. Afadhali kuchekwa kuliko yale macho waliyonipa baada ya mazishi.

Sasa nije kwa dada yako.

Sikuwahi kukuambia hivi ulipokuwa hai kwa sababu kila nikimtaja ulikuwa unalia. Goreti hakukusamehe kwa sababu yangu. Mlikulia pamoja Karagwe, mkala sahani moja, mkarudi Rwanda yeye akaolewa na mtu wa ofisi, wewe ukaja na mchuma kahawa kutoka Urambo. "Mtu aliyekuja na ndoo yake," ndivyo alivyoniita mbele ya mama yenu. Na mtoto hatukupata, akaona Mungu amemuunga mkono.

Kwenye mazishi alikuja na miwani myeusi, akakaa mbele, akasema maneno mazuri kuhusu mdogo wake. Mimi alinipa mkono huku anamtafuta dereva wake kwa macho. Watu walipokwenda kunawa mikono na kunywa kidogo pamoja, kama ilivyo desturi yenu, gari lake lilikuwa limeshageuka. Ndugu yako wa tumbo moja hakunawa mikono na sisi.

Lakini wewe kila Krismasi ulimchagulia yeye chupa ya kwanza, ile iliyotakata kuliko zote. Ulikataa nikusindikize. Ukirudi nakuuliza, "Alikukaribisha?" Unasema, "Dada kafurahi sana. Alinipa chai. Ana wageni tu, ndiyo maana sikukaa." Na mimi nikaamini. Nilikuwa naamini kila kitu kilichotoka mdomoni mwako.

Basi nikaoga, nikavaa shati la kanisani, nikatia chupa kwenye mfuko wa kaki, nikapanda pikipiki. Getini nikamkuta mlinzi, mzee mwembamba amevaa koti kubwa. Alipoona chupa uso ukamfunguka.

"Eh, jeli! Yule mama iko wapi mwaka huu? Nilikuwa nasema Noheli imefika na yeye haonekani."

Nilifurahi, Donatha. Nikasema moyoni, kumbe mke wangu anajulikana nyumba hii.

"Hiyo kitu ni tamu sana," akaendelea. "Mimi napaka kwa mkate. Ingine napelekea wajukuu."

"Wewe?"

"Bosi hapana kula vitu vya kupika kwa watu. Ananiambia, mzee, chukua wewe. Kila mwaka."

Akanionyesha benchi lake la mbao pembeni ya geti. Akasema ulikuwa unakaa hapo naye, unasubiri. Mara nyingine gari linatoka, kioo kinashuka, mnasalimiana, kioo kinapanda. Basi. Akasema mwaka jana ulisahau mwavuli, ukarudi kuuchukua, ukamkuta analamba kijiko. "Nikaona haya. Yeye akacheka, akaniambia, mzee, hiyo ni ya kupaka, si uji."

Kwa hiyo ulijua.

Chai uliyoniambia umekunywa haikuwepo. Wageni hawakuwepo. Ulikaa kwenye benchi la mlinzi na chupa mapajani kama mtu anayeomba kibarua, ukarudi nyumbani ukanipikia ukiwa unaimba. Na baada ya kujua hayo yote, unakaribia kukata roho, unanishika mkono na kuniapisha: "Dada umpelekee yake kila Krismasi." Kwa nini, mke wangu? Nimeuliza njia nzima ya kurudi.

Mzee akasema, "Nilidhani ni mfanyakazi wa zamani wa hapa."

Nikamwambia, "Ni mdogo wake. Tumemzika."

Akavua kofia. Kisha akapiga simu ndani, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nilisikia sauti ya dada yako mle kwenye simu, haikuwa kali, ilikuwa tu na haraka: "Mwambie aache hapo. Mwambie asante." Mzee akaishusha simu na kuangalia chini.

Nikampa chupa mikononi. Nikamwambia, "Mzee, hii usiipokee kama kitu ambacho bosi hakukitaka. Haijatoka kwake. Imetoka kwa mke wangu, anaitwa Donatha." Akalirudia jina lako taratibu, "Donata," ili asilisahau. Huyo ndiye mtu wa nyumba ile aliyekula pishi la mkono wako na kulitaja jina lako.

Labda ulinituma ili nione kwa macho yangu jambo ambalo mdomo wako ulishindwa. Labda ulifikiri kifo chako kitamlainisha dada yako. Hilo la pili ndilo linaloniunguza, kwamba mtu anakufa na bado anapiga hodi.

Nilikuahidi nitampelekea kila mwaka nikiwa hai. Ahadi hiyo naivunja leo, na sikuombi radhi. Nakupa nyingine. Unajua kwamba hatukuwahi kula chupa nzima mimi na wewe? Tulikuwa tunalamba mwiko na kukwangua sufuria, chupa zote ni za watu. Mwaka ujao nikiwa na uzima nitapika tena. Ya kwanza, ile iliyotakata, nitaifungua hapahapa chumbani na kuila, na sitangoja asante ya mtu. Mzee wa getini nitampelekea yake, kwa jina lako. Dada yako sina kitu cha kumpelekea.

Kwaheri, Donatha. Lakini kabla hujalala, inuka kwenye lile benchi. Geti halifunguki. Inuka, mke wangu, twende nyumbani.

Mumeo,
Shija