Ziwa Lisilo na Vyura

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa mwanangu Fundi,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Kuna jambo nimekuficha tangu msiba wa mama, na leo nimeamua kulitoa. Lakini salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Mimi nipo, ila nimebaki ngozi na maneno. Daktari ameacha kunikataza chumvi, nawe unajua maana yake.

Mwezi uliopita niliwaambia watoto kwamba natamani kufika tena kwenye ziwa la mlimani, mara moja tu, kabla sijaondoka. Basi Fundi akakipigilia mipini kile kiti changu cha kusomea, akawaita shemeji zake wawili, wakanibeba kama sultani. Njia nzima walinitania kwamba uzito wangu wote uko mdomoni.

Macho yangu siku hizi hayafiki mbali. Walinitua ukingoni, wakanivua soksi, wakanitia miguu majini, na Fundi akanisimulia kilele na ukungu unavyopanda. Mara vyura wakaanza kulia.

Kasuku, ziwa letu unalijua. Tulilizunguka kwa miguu na mama kila likizo. Maji yale ni baridi ya kukata mifupa, hayajapata kuwa na chura hata mmoja. Walikuwa wamenitua kwenye bwawa la chini, pale njia inapoanza kuwa kali.

Sikuwa na kinyongo. Niliwasikia wanavyohema, nikajua mabega yao yamefika mwisho. Nikamshika Fundi mkono, nikamwambia, "Ahsante, mwanangu. Umenifikisha." Akageuka kando, akapenga kamasi. Sijui kama nimewahi kupata siku tamu kuliko ile. Usije ukamwambia kwamba nilijua.

Nisalimie shemeji, wajukuu zako, na yule mkwe wako mpishi. Mungu akutunzie goti, akupe na usingizi mwema.

Sasa lile nililokuficha. Maneno niliyomwambia Fundi si yangu, ni ya mama. Miaka yote hii umenishukuru kwa kumbeba mgongoni hadi ziwani kabla hajatuacha. Pumzi iliniishia njiani, mdogo wangu. Nilimtua pale pale bwawani, nikamwambia tumefika. Vyura walikuwa wakilia siku ile pia, na mama, unakumbuka, alikuwa haoni tena, lakini hakuwa kiziwi.

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye mpaka mwisho.