Baba, Nimetembea Mpaka Ziwani kwa Jina Lako

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Miguu imevimba. Juzi na jana nimetembea kutoka Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay, mimi Kolumba wako, ambaye ulikuwa ukisema nachoka kabla sijafika kisimani. Yalikuwa matembezi ya hisani, ya kuchangia huduma ya wagonjwa wasiopona, ile inayowafuata nyumbani. Nesi Osmund, yule aliyekuwa akipanda kwetu Matiri na pikipiki kukuletea dawa ya maumivu, ndiye aliyeniomba nitembee. Pikipiki yenyewe sasa inasukumwa zaidi kuliko inavyopandwa.

Sikutaka kwenda. Ila tangu tukuzike nimegeuzwa mfano. Padre alinitaja kwenye mahubiri: binti aliyefunga kibanda chake cha ushonaji Songea akarudi kumuuguza baba yake mpaka mwisho. Mama mdogo Filomena humwambia kila mgeni, "Huyu ndiye mtoto. Sisi wengine tumezaa tu." Wakanitengenezea fulana yenye picha yako mgongoni, ile uliyovaa koti siku ya kipaimara cha mdogo wangu Ditram. Wakasema tukifika ziwani nitasimama nieleze jinsi nilivyokuhudumia. Ningekataa, ningetoa sababu gani? Kila walivyonisifu, nikazidi kukosa pa kutokea.

Kwa sababu wewe na mimi tunajua, Baba.

Uvimbe wa koo ulipokunyang'anya sauti, ulibaki kugonga ubao wa kitanda. Mara moja, maji. Mara mbili, dawa. Osmund alinionyesha bomba la kupimia, akachora mstari kwa kalamu, akasema, "Mpaka hapa, kila baada ya saa nne. Usisubiri maumivu yaje." Nikaitikia. Alipoondoka nikawa nakupa nusu, na siku nyingine sikukupa kabisa. Mama mdogo alikuwa ameninong'oneza jikoni kwamba hiyo ni dawa ya waliokatiwa tamaa, ukiizidisha kidogo tu mtu analala moja kwa moja. Niliogopa kukuua kwa mkono wangu. Nikaogopa pia kumuuliza Osmund, asije akaona nimeshindwa.

Basi ulikuwa unagonga mara mbili, nami nakuletea maji.

Ile Jumapili mchana, wenzetu wakiwa kanisani, uligonga mpaka vidole vikachubuka. Mimi nilikuwa jikoni nimekumbatia chupa ya dawa. Nilikuwa nasikia, Baba. Nilikuwa nasikia kila pigo. Ulipofariki, chupa ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Niliimwaga kwenye mgomba kabla Osmund hajaja.

Sasa fikiria kutembea na hilo, na sura yako mgongoni. Akina mama waliimba njia nzima. Kila mara mtu alinisogelea, akakugusa begani kwenye ile fulana, akaniambia Mungu atanilipa. Nikijaribu kubaki nyuma, gari la maji linapiga honi ya kunitia moyo. Kushoto mlima, kulia korongo, mbele watu wanaonisubiri nisiachwe peke yangu. Tulilala kwenye darasa la shule moja njiani, na asubuhi joto la huko chini likaanza kutupokea.

Tulipoliona ziwa, nilimshika Osmund mkono. Nikamwambia, "Baba sikumpa ile dawa. Nilimpa nusu, na siku nyingine sikumpa."

Alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Niliona anaumia kuliko inavyotakiwa. Nilipaswa kuuliza." Na baadaye, kwa sauti ya chini, "Lakini leo usiliseme, Kolumba. Watu wamekuja kuchangia."

Hata yeye.

Pale ufukweni walinipa kipaza sauti. Mama mdogo alikuwa mstari wa mbele, ameshaanza kulia. Nikafungua mdomo nikitaka kusema walichokitaka, na sauti haikutoka. Nikakuwaza wewe miezi ile miwili bila sauti. Nikasema yote. Nusu, maji, jikoni, mgomba. Nikasema dawa ile haikukuua, ni mimi niliyekuacha uumie.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mdogo alijifunika uso kwa kitenge, akaondoka kabla ya chakula. Tangu jana hajanisemesha. Padre amesema nipite kumwona. Nimesikia wengine wanauliza kwa nini nivae picha ya mtu niliyemtesa.

Ila mama mmoja wa Liparamba alinifuata nilipokuwa nimekaa pembeni. Alikuwa ameshika ndala zake mkononi. Akaniuliza taratibu, kama anayeona aibu, "Kwa hiyo haiui? Ya mume wangu ipo kabatini. Sijaifungua." Nilimwita Osmund. Alikaa naye mchangani muda mrefu, akimweleza kwamba ikipimwa sawasawa haiui, akimwonyesha kwa bomba na maji ya ziwa, na yule mama akarudia mwenyewe mara nne mpaka akaweza.

Nilidhani nikisema nitapumua, Baba. Sijapumua. Bado nasikia ubao. Nimeondoka kwenye sifa tu, kwako sijaondoka, na sidhani kama upo mlango wa kutokea.

Alhamisi nakwenda Liparamba na Osmund, na ataendelea kunichukua kila atakaponihitaji. Kazi yangu itakuwa kukaa na wanaouguza, niwaache waniambie wanachoogopa. Mume wa yule mama anaitwa Beno. Nakuahidi, nikiingia nyumba ile, au nyumba yoyote, nitamuuliza mgonjwa kwanza, na sitatoka chumbani mpaka anijibu, hata kama ni kwa macho.

Msamaha sikuombi leo. Pumzika, Baba. Kwa heri.

Binti yako,
Kolumba