Mayai Elfu Sita na Tarehe Thelathini

Ijumaa, 6 Juni

Wamepiga kura. Tunatoka! Redio ya kazini ilisema saa nane mchana, kisha wakaweka muziki wa harusi. Mwisho wa mwezi huu, saa sita usiku, nchi yetu si mwanachama tena wa jumuiya. Wote tuliutazama mlango wa Bosi.

Vifaranga wetu karibu wote wanauzwa ng'ambo ya mpaka. Anayewapokea ni Dada yangu na kikundi chao cha akina mama wafugaji — aliolewa kule, mwaka wa kumi na tisa huu. Hapa kwetu mabanda yamejaa na bei ya chakula cha kuku haishikiki, hakuna wa kuwachukua. Na sasa mayai elfu sita yamelala chumba cha baridi tangu tarehe 24 Mei, kwa sababu Bosi alikataa yasiingie kwenye mashine za kuangulia mpaka ajue Bunge litasema nini. Haya, limesema.

Naogopa. Naandika hapa ili nisiseme mbele ya watoto.

Jumapili, 8 Juni

Baba watoto amerudi na miche hamsini ya sabuni. Nikamwambia angalau tutafilisika tukiwa wasafi. Hakucheka. Anasema sabuni inatoka ng'ambo, chumvi inatoka ng'ambo, viberiti, dawa ya meno, nusu ya duka. Ameipanga chini ya kitanda. Chumba chote kinanukia kama kufuliwa.

Mchana Bosi kapiga simu. Dada na wenzake bado wanawataka vifaranga. Akauliza, mayai yakiingia kesho alfajiri, watatoka lini? Siku ishirini na moja, nikamwambia. Tarehe 30, saa kumi na mbili asubuhi. Sikufikiri hata kidogo. Jibu lilitoka kama naitikia salamu.

Akapiga hesabu yake. Lori liondoke saa tatu, mwendo wa saa saba, geti la mifugo linafungwa saa kumi na mbili jioni. Tunapita kwa cheti cha sasa. Kesho yake cheti hicho kitafaa kufungia karanga tu, na kipya hakijachapishwa, si kwetu si kwao. Wizarani wamemwambia wiki mbili, labda sita. Kifaranga akitoka kwenye yai ana siku mbili, tatu za kuishi bila kula.

"Kundi hili likipita, nitatafuta njia," akasema. "Lisipopita nazima mashine. Watu kumi na wanne, Mama Mashine. Nakutegemea wewe."

Mama Mashine ndilo jina langu pale. Kumi na wanne — na mimi nimo.

Jumatatu, 9 Juni

Yameingia. Saa kumi na mbili kamili. Trei arobaini, kila moja mayai mia na hamsini. Joto sawa, unyevu sawa. Dada amefurahi, anapaka banda chokaa.

Jumatano, 18 Juni

Mungu wangu.

Nilikuwa naosha vyombo. Sahani iko mkononi, nikakumbuka. Fundi aliyenifundisha kazi alinikaririsha: yai likikaa baridi zaidi ya juma moja, kila siku ya ziada uongeze saa moja mashineni. Linachelewa kuamka. Haya yetu yalikaa siku kumi na sita! Toa saba, zinabaki tisa. Saa tisa zaidi. Hawatoki alfajiri ya tarehe 30. Watatoka saa tisa mchana, na wavivu wao jioni.

Saa tisa mchana lori linatakiwa liwe limebakiza saa moja kufika mpakani.

Miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Kwa kosa hili ningemcheka mgeni wa juzi. Lakini kwetu mayai hayakai kamwe, yanafika leo yanaingia kesho. Ni siasa iliyoyaweka stoo. Na mdomo wangu.

Baba watoto aliniuliza mbona nimeganda. Nikasema kichwa kinauma.

Alhamisi, 19 Juni

Sijamwambia Bosi. Nilifika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anaongea na simu na watu wa maboksi: maboksi ya kubebea vifaranga nayo yanatoka ng'ambo, kiwanda hakipokei oda mpya kutoka kwetu. Nikageuka.

Baadaye nikasimama mbele ya mashine, kidole juu ya kitufe cha joto. Nusu nyuzi tu. Nani angejua? Nikaondoa mkono. Ukimharakisha kifaranga unampika.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Najua. Methali hiyo nimewaambia wanangu mara mia.

Jumatatu, 23 Juni

Foleni ya mafuta imefika hadi kwa fundi viatu. Hakuna uhaba, wanasema redioni. Watu wamesikia "hakuna uhaba" wakakimbilia madumu.

Dada alipiga. Banda tayari, taa za joto tayari, wenzake wote wamelipia sehemu zao. Kisha akauliza: baada ya tarehe 30, akitaka kuja kumwona Mama, atahitaji nini? Sikujua. Tukaanza kuongea habari za mvua. Hatujawahi kuongea habari za mvua sisi.

Kuhusu zile saa tisa za ziada sikumwambia.

Ijumaa, 27 Juni

Leo tumeyahamisha mayai kwenye trei za kuangulia. Nilimulika mia mbili. Kwa kawaida siku hii unaona mdomo umeanza kuisukuma ngozi ya ndani, kivuli kinacheza. Nimeona vivuli vimelala. Wazima, lakini wako nyuma.

Yai moja nilirudia kulimulika mara tatu, hadi mwenzangu akaichukua tochi. Akauliza kama nina homa.

Jumamosi, 28 Juni

Nimemwambia.

Bosi alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu sana. Nilitamani afoke. Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia ukweli: siku ile nilisahau, siku zilizofuata niliogopa. Akatikisa kichwa. Akasema yeye ndiye aliyeyaweka baridi siku zote hizo, kwa hiyo kosa tugawane.

Nililia chooni. Kidogo tu.

Mpango: lori la Breki lina kipasha joto. (Breki ni dereva wetu — anaitwa hivyo kwa kuwa hajui kuzitumia.) Tunapakia trei zote kama zilivyo, vifaranga na mayai, waanguliwe njiani. Mimi ndani, nyuma, na kipimajoto. Shida ni moja. Cheti kinasema vifaranga elfu sita. Hakisemi mayai.

"Mkifika watakuwa vifaranga," Bosi akasema. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Jumatatu, 30 Juni

Saa tatu asubuhi. Walioanguliwa: mia tatu, mia nne. Wengi wamedonoa tundu tu, unaona ncha ya mdomo. Tunaondoka.

Saa saba. Joto la nyuma linakwenda vizuri. Nimekaa juu ya ndoo. Breki anaendesha polepole, kwa mara ya kwanza maishani. Kelele inaongezeka kila kilomita. Toka, toka, wanangu.

Saa kumi na robo. Tumefika. Malori! Yamepangana pande zote mbili, kila mtu amekumbuka leo. Saruji, nguo, magodoro. Breki amekwenda kuomba tupitishwe mbele kwa kuwa tuna vitu hai.

Saa kumi na moja. Tuko getini. Ofisa wa mifugo ni mama wa makamo, mpole, sauti kavu. Alifunua trei ya kwanza, ya pili, ya tano. Akasoma cheti mara mbili.

"Mama, hiki ni cha vifaranga. Mayai yana cheti chake, nawe huna. Aliye nje ya ganda saa kumi na mbili anapita. Aliye ndani mnarudi naye."

Nikamwambia kesho hakuna cheti cha chochote. Akasema anajua. Yeye mwenyewe hajui kesho ataripoti wapi.

Nje ya ganda mpaka sasa: elfu tatu na kitu. Bosi alipiga, hakusalimia. Akauliza wangapi. Nikamwambia. Akasema nusu haitoshi kuwasha mashine tena, akakata.

Saa kumi na moja na nusu. Nimemkuta Breki anabandua maganda kwa kucha! Nikamkamata mkono. Kifaranga hujitoa mwenyewe. Mishipa yake ya damu bado imeshikana na ngozi ya yai, ukimbandua anavuja, na kesho au keshokutwa anakufa. Watu wawili nimewahi kuwafukuzisha kazi kwa kosa hilo.

"Kesho watakuwa ng'ambo," Breki akasema. "Hapa wanahesabu leo."

Ng'ambo ni kwa Dada. Kwenye chokaa yake mpya.

Namwona kutoka hapa. Yuko upande wa pili wa kizuizi na wenzake wanne, wameshika maboksi ya zamani. Amefunga kitambaa cha kijani. Nilimpigia nimwambie, nimwulize. Mtandao hauendi, wote hapa wanapiga simu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Breki hajaacha. Sijamkamata tena. Nimekaa juu ya ndoo naandika haya ili mikono iwe na kazi. Trei iliyo magotini mwangu ina mayai mia moja na kumi yaliyodonolewa. Wanalia ndani, nawasikia. Wangepewa saa tatu tu.

Watu kumi na wanne. Akina mama wanne, na Dada.

Ofisa ameinuka, ameshika kalamu, anaanza trei za mbele. Dada ameniona. Ananipungia mkono, anacheka. Kucha zangu ni ndefu kuliko za Breki.

Naiweka kalamu.