Zimwi la Chumba cha Ndani

Dada Sekela mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba, kabla hujaendelea, toka hapo uani ukasomee shambani peke yako. Humu hamna neno la kumsomea Bibi, wala la kumwambia shemeji. Ukimaliza, ichome jikoni.

Miguu ya Bibi inaendeleaje? Kahawa mmeshaianua vichanjani, au mvua imewawahi? Mimi huku Lusaka mwili ni mzima. Bado ni karani wa kampuni ya malori, nagonga mihuri, na wakubwa hawajanilalamikia. Kinachoniuma si kazi.

Ofisini kuna msichana, Chanda, anayetengeneza filamu na wenzake kwa simu. Si za mapenzi wala za ngumi. Hazina hata hadithi. Ni giza na milango tu, za kutisha, wanajaribujaribu. Alituuliza kila mmoja utotoni alikuwa akiogopa nini. Nikamweleza zimwi letu la chumba cha ndani, lile ambalo Bibi alisema linakula watoto wanaosukuma mlango. Nilikuwa nikilisikia likikohoa kipindi kile tulichoambiwa Mama amekwenda Ivuna kuleta chumvi. Chanda akacheka. "Hilo nalichukua," akasema.

Jumamosi mchana walituonyesha, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Walipopiga picha, simu walikuwa wameiweka chini, kimo cha mtoto aliyeketi sakafuni. Ni mlango tu, dada, muda mrefu, na kikohozi nyuma yake. Watu walipiga kelele, wakashikana. Kisha kikohozi kikabanwa, kama mtu ameuma kitenge ili asisikike. Hapo machozi yakanitoka. Zimwi halibani kikohozi chake. Anayekibana ni mtu asiyetaka kumtisha mtoto.

"Iwe, wewe Mtanzania!" Chanda akanitania. "Unalilia zimwi lako mwenyewe?"

Nikasema ni vumbi.

Nakukumbuka ukipita na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Nilikuuliza, "Wa nani?" Ukasema, "Wa paka." Hatukuwa na paka. Halafu siku moja watu wakajaa uani, nikapelekwa kwa shangazi kule Vwawa. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, chumba kimesiribwa upya, na Bibi akasema Mama amefia huko huko Ivuna. Kaburi sijaonyeshwa mpaka leo.

Sikulaumu. Ulikuwa mtoto, ukatumwa. Bibi naye nadhani aliogopa ugonjwa usinipate, akanitafutia kitu cha kunizuia. Lakini nipe ukweli: alikuwa Mama? Na kama ndiye, alinisikia nikicheza pale mlangoni? Aliwahi kuniulizia? Silali vizuri, dada. Naogopa jibu, na naogopa zaidi Bibi aondoke duniani, na wewe ukae kimya.

Msalimie Bibi, mwambie tu namkumbuka. Msalimie shemeji, na shangazi wa Vwawa mkionana. Mwanao wa mwisho mbusu, na msimtishie mazimwi.

Ni mimi mdogo wako anayekutegemea,
Elia

Usinipigie simu, ofisini tunakaa wengi na sitaweza kujizuia. Ukishuka Tunduma nenda Chapwa, kwenye maegesho ya malori, umuulizie dereva wetu Mzee Simbeye, anayevaa kofia ya sufu hata juani. Mpe bahasha ya majibu yako mkononi. Nimemwambia asiiache mapokezi, nitaifuata mwenyewe getini. Na kama jambo lenyewe haliandikiki, chukua hati ya kusafiria pale mpakani, mwambie akupakie, uje uniambie kwa mdomo.