Nafasi ya Kigoda Chako

Bibi yangu mpenzi, mke mwenzangu,

Tangu harusi napika huku nikiimba, ingawa jikoni petu ni padogo kama kiganja. Mume wetu amepigilia misumari ukutani nikatundika sufuria zote, na meza ameitia bawaba, tukishakula tunaikunja. Jana tulipogongana viuno akaninong'oneza, "Udogo huu una raha yake." Niliyeyuka.

Ulisema jikoni humo wake wawili hatuenei. Meza ikikunjwa, kigoda chako kinaenea, nimepima. Macho yako yamefifia, na nasikia umeungua mkono tena. Hutapika peke yako tena, Bibi. Jumamosi mume wetu anakuja kukuchukua. Ukikataa nahamia huko mimi, na huyo mume utamweleza mwenyewe.

Mjukuu wako anayekungoja,
Mke mdogo