Vinyoya Sita vya Mzee Popat

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimefagia mavi ya popo tena. Ukumbi huu una popo wengi kuliko wachezaji wa mpira wa vinyoya. Niliita watu kumi na wawili, wamekuja wanne. Mmoja wao alikuja kujikinga jua.

Kinyoya cha plastiki kimepasuka upande. Nimekishona kwa uzi mweusi. Kinaruka kama kuku aliyefungwa miguu, lakini ndicho tulicho nacho cha mazoezi.

Mwanahamisi, mmoja wa vijana ninaowafundisha, kaniuliza tena lini watagusa vile vya kweli. Nikamjibu siku ya mechi. Vile sita alivyoniachia Mzee Popat wa duka la vitambaa, alipofunga klabu yao ya Wahindi na kuhamia kwa wanawe Tanga, viko nyumbani kwenye mkebe wake, ndani ya sanduku la nguo. Manyoya ya bata bukini. Mwaka wa nne huu sijavigusa. Akiba haiozi.

Mechi na Handeni ni Jumamosi ya tarehe 29. Bwana michezo atatoka Tanga kutuangalia. Akiridhika tutapata raketi na neti, na vijana wawili watakwenda kambini Tanga. Asiporidhika, mchezo huu Korogwe umekufa. Mimi ni karani wa posta, sina pa kutoa raketi nyingine.

Alhamisi, 6 Juni

Watu wazima hawakuja hata mmoja, wote shamba la ujamaa. Siwalaumu, nami Jumamosi zamu yangu ya kulima. Lakini zamu yao ya leo iliisha saa sita, na saa kumi niliwaona watatu kati yao wakicheza bao nyuma ya soko. Nikapita. Wakanipigia kelele: "Karani! Leo hampepei nzi?"

Nimechoka na utani huo. Mpira wa miguu ukichezwa na wehu ishirini kwenye vumbi, mji mzima unahama kwenda kutazama.

Fundi Mhina, baba yake Mwanahamisi, alikuja jioni akiwa na grisi hadi viwikoni. Ametengeneza raketi mbili kwa mshipi wa kuvulia samaki. Zinalia vibaya lakini zinapiga. Huyu ndiye mtu mzima pekee ninayeweza kumtegemea, na ana magoti mabovu.

Jumapili, 9 Juni

Nilikwenda Handeni kupanga mechi. Mahindi yamekauka njia nzima, na wanasema hata Kang'ata ambako hawakosi kitu.

Anayewafundisha ni Mama Shemdoe, muuguzi wa zahanati. Ukumbi hawana. Wamefagia uwanja nyuma ya zahanati, wamechora mistari kwa majivu, neti ni wavu wa kamba. Wanacheza asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, na ukiamka wanaendelea tu. Wamo wakunga, wamo watoto, yumo mzee mmoja wa kibandiko cha jicho. Nilihesabu watu thelathini kisha nikaacha kuhesabu, kwa wivu.

Vinyoya wanatengeneza wenyewe. Ule mti mrefu unaoota katikati ya mkonge uliozeeka, ndani ni mwepesi na laini. Wanaukata, wanauchonga mviringo, wanachomeka manyoya ya kanga wa porini na kufunga kwa uzi wa katani. Mkonge wenyewe wanautoa huku kwetu Korogwe!

Nilicheka. Nilimwambia Mama Shemdoe kwamba siku ya mechi atashika vinyoya vya kweli. Akaitikia vizuri tu, "Haya, baba," akanipa viwili vya kwake nije navyo. Kesho nitavitia kwenye droo ya ofisi, chini ya fomu.

Ijumaa, 21 Juni

Malori yamekuja. Mahindi ya njano, ya msaada, ya Handeni na vijiji vya huku. Ghala limejaa, wameomba ukumbi. Yaani hawakuomba. Nilipofika baada ya kazi magunia yalikuwa yamefika dirishani na neti yangu imekunjwa pembeni kama shuka la mgonjwa.

Nilimfokea mtunza ghala. Nikamwambia tumebakiwa na siku nane. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho, akaniuliza, "Karani, watu wenye njaa wakale vinyoya?"

Nikabeba neti yangu nikatoka. Nimeona haya mpaka sasa. Lakini hasira nayo haijaondoka. 

Jumatano, 26 Juni

Mazoezi nje, kando ya ukumbi. Upepo unashuka kutoka milima ya Dindira na kufanya unalotaka. Plastiki ilikwenda juu ya paa mara tatu. Mara ya nne Mwanahamisi aliipiga ikagawanyika vipande viwili. Basi, imekwisha.

Akasema sasa tutoe vile vya kweli, hata kimoja, mkono uzoee kabla ya Jumamosi. Nikakataa. Akarudia. Nikamwambia mtoto hamfundishi mkubwa kutunza. Huyu binti ana miaka kumi na minne na ndiye mchezaji bora niliyewahi kumfundisha, na hajawahi kupiga kinyoya cha kweli hata mara moja. Alinitazama.

"Kwani unamwekea nani, mjomba?"

Akaweka raketi chini, taratibu, akaenda zake. Wenzake wakamfuata. Fundi Mhina alibaki kukunja neti nami. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Nina haki. Vikiisha, nani atatupa vingine?

Ijumaa, 28 Juni

Nilichemsha maji. Vinyoya vya kweli hufukizwa kwa mvuke kabla ya mechi ili visikatike. Hivyo ndivyo nilivyomwona Mzee Popat akifanya.

Nilifungua mkebe. Vumbi. Nondo wamevila vyote sita. Vimebaki vijiti na vile vichwa vya chini, na juu ya vijiti vifuko vyeupe vya viwavi wao.

Nilikaa kitandani na mkebe mapajani. Nililia, mtu mzima, maji yakachemka mpaka yakakauka na birika likaungua. Miaka minne. Hakuna aliyevipiga. Nimewanyima watoto wangu nikawalisha nondo.

Jumamosi, 29 Juni

Nilikwenda kwa Fundi Mhina alfajiri nikamwambia mbele ya Mwanahamisi. Fundi akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, karani," halafu akacheka mpaka akashika mlango. Binti hakucheka. Alichukua raketi yake akatoka.

Handeni walikuja na lori lililokuja kupakia mahindi. Nilitaka kuvunja mechi. Nikamwonyesha Mama Shemdoe mkebe. Alichungulia ndani, akasema pole, akarudi kwenye lori akateremsha kikapu. Vinyoya vya kanga vimejaa tele, kama mayai.

Tulianza saa mbili. Wametupiga. Watu wazima wametupiga, watoto wametupiga, yule mzee wa jicho moja amenipiga mimi. Wanaujua upepo, wanausubiri. Sisi tulikuwa tukipiga kana kwamba bado tumo ndani ya kuta.

Mwanahamisi alipoteza mchezo wa kwanza pointi kumi na moja kwa mbili. Wa pili akaanza kuangalia manyoya yanavyoinamishwa na upepo kabla ya kupiga. Kumi na moja kwa tisa. Alishindwa, lakini nilimwona anaelewa. Kama angekuwa na wiki mbili. Alikuwa nazo, mimi ndiye niliyezifungia kwenye droo.

Bwana michezo alifika saa tano, upepo umeshavimba. Akatazama kidogo. Akasema huu ni mchezo wa ndani, akauliza ukumbi uko wapi. Nikamwonyesha magunia. Akashika kinyoya kimoja cha Mama Shemdoe kwa vidole viwili na, naapa, ndivyo nilivyovishika mimi kule Handeni. Akanywa chai, akaondoka. Hakuchukua kijana yeyote, wa kwetu wala wa kwao.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie neno. Nikakusanya vikombe vya chai badala yake.

Jumatatu, 1 Julai

Posta kimya. Barua tatu za Mkumbara, moja haina stempu.

Saa sita nilifungua droo nikatoa vile viwili kutoka chini ya fomu. Vizima. Kimoja kina doa la wino.

Jioni nilikwenda kando ya ukumbi. Nilidhani sitamkuta mtu. Mwanahamisi alikuwapo na wenzake sita, wamefunga kamba kati ya miti miwili, wanapiga gunzi la hindi. Baba yake amekaa juu ya tofali anachonga kipande cha ule mti wa mkonge, anakosea. Hakuna aliyenisalimia kwanza. Kisha mdogo mmoja akasema shikamoo, na wengine wakafuata. Mwanahamisi akawa wa mwisho.

Nilimpa vyote viwili. Akaanza kupiga.

Walicheza mpaka jua likazama. Chenye doa kilipasuka, manyoya matatu yakang'oka, mmoja wao akanitazama kwa woga. Nikamwambia apige tu.